Bibi Alisema Sikuzubaa

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili, kulikuwa na neno moja la Kiswahili nililoliogopa kuliko kiboko. Neno lenyewe ni kuzubaa. Nyumbani kwetu Ihumwa tulizungumza Kigogo. Kiswahili kilikuwa cha shuleni, cha kanisani na cha dukani, na maneno yake mengi niliyapata polepole kwa kuwasikia watu wakiambiana. Hili nililipata kwa kuambiwa mimi. Seche, umezubaa. Seche, mbona unazubaa? Mzubavu huyu, mpishe apite. Nilikuwa sijaweza kuhesabu mpaka mia bila kuruka namba, lakini neno hilo nililijua katika nyakati zote.

Mimi mwenyewe sikuona kitu. Hilo ndilo gumu kumweleza mtu hata leo. Kwa upande wangu hakukuwa na kuzubaa kokote, ila dunia ilikuwa na tabia ya kuruka. Nilikuwa nikimtazama mwalimu anaandika tarehe ubaoni, mara ubao umejaa hesabu na wenzangu wameinama wanaandika. Nilikuwa nikimimina maji kwenye ndoo, mara ndoo imefurika, miguu yangu imelowa na watu wananitazama. Nilidhani dunia ya kila mtu inaruka namna hiyo, na kwamba wenzangu walikuwa hodari tu wa kuidaka inapotua.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Zaina, alikuwa mtu wa Tanga, na Kiswahili chake laini kilitufanya tuone haya kufungua midomo. Siku moja aliandika maneno matano ubaoni akatutaka tuyatungie sentensi. La nne lilikuwa zubaa. Mvulana mmoja aliyeitwa Mazengo akanyoosha kidole kabla hajaruhusiwa.

"Sechelela anazubaa kama ng'ombe anayetazama treni."

Darasa zima likacheka. Nakumbuka kicheko kilivyoanza. Jinsi kilivyokwisha sikumbuki, kwa sababu nilichokiona baada ya hapo ni uso wa Mwalimu Zaina karibu kabisa na wangu, na darasa limekuwa kimya kama kanisa tupu.

"Sechelela, unanisikia?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Nimekuita mara ngapi?"

"Mara moja, mwalimu."

Hakunichapa. Kabla ya siku hiyo alikuwa amenichapa kwa rula mara mbili kwa kosa hilohilo, na naamini alizikumbuka rula zile, maana jioni alikuja nyumbani kwetu akiwa na kilo ya sukari.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na Bibi, mama yake mama yangu. Mama alifariki nikiwa na miaka minne, akijifungua, pamoja na mtoto aliyekuwa anamzaa. Baba alikwenda Arusha kutafuta kazi, akapata kazi na mke mwingine. Bibi alinichukua nyumbani kwake, kwenye tembe aliyojenga babu, nikawa nalala mgongoni kwake kama nilivyokuwa nikilala kwa mama.

Mwalimu Zaina alimwamkia Bibi, akakaa kwenye kigoda, akazungumza kwa adabu nyingi. Alisema dada yake ana mtoto mwenye hali kama yangu, anakatika katikati ya maneno kisha anarudi, na hospitali wamempa dawa. "Mama, huyu si mvivu. Nilikosea. Mpelekeni akaonwe."

Bibi alimshukuru, akampa karanga kwenye mfuko, akamsindikiza mpaka njiani. Aliporudi alikaa, akaninyooshea kidole kana kwamba ni mimi niliyesema.

"Mtoto wangu hazubai," alisema kwa Kigogo. "Anaitwa."

Hiyo ndiyo ilikuwa imani yake, na sijui kama wengine kijijini walikuwa nayo au alijijengea mwenyewe. Aliamini kwamba ninaponyamaza na kukazia macho pasipo na kitu, mama yangu ananiita, nami nimetoka kwenda kumsikiliza, kama mtu anavyotoka kwenda kwa jirani na kuacha mlango wazi. Alisali kanisani kila Jumapili, benchi la pili kutoka mbele, na sikuwahi kumwona akipata taabu kuyabeba mambo hayo mawili pamoja. Mtu aliyetoka, alisema, hapigwi, hatikiswi, wala haitwi jina. Ukimwita jina kabla hajamaliza kusikiliza atabaki katikati, mwili huku, mwenyewe kule. Kwa hiyo dunia yangu iliporuka nyumbani, nilipotua sikukuta vicheko. Nilimkuta Bibi amepiga magoti mbele yangu, mikono mapajani, anangoja.

Kisha alinifuta mdomo kwa ncha ya kanga na kuuliza, "Amesema nini?"

Mara ya kwanza nilimuuliza, nani? Mara ya pili nilisema sijui. Nilimwona alivyonyong'onyea, akainuka akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Nilikuwa na miaka saba, lakini nilijua nimemnyima mtu kitu. Mara ya tatu nikasema, "Amekusalimia."

Siku hiyo nilikaangiwa mayai mawili.

Nisingependa kudhaniwa kuwa nilidanganya kwa ajili ya mayai. Niliendelea kwa sababu sura ya Bibi ilikuwa ikichanua, na mimi ndiye niliyekuwa na uwezo wa kuichanua. Mama ameuliza kama yule kuku mwekundu bado anataga. Mama amesema shamba la chini mwaka huu lipandwe uwele. Mama amesema kanga yako mpya nzuri. Bibi alisikiliza kila neno na wakati mwingine alijibu, akaniagiza nifikishe. Nikawa mtu wa kupeleka na kuleta, bila kumjua yule wa upande wa pili. Sura yake ilikuwa imeshanitoka. Nilibaki na harufu ya mafuta ya nazi, na hata hiyo sikuwa na hakika nayo.

Mchana mmoja Bibi alikuwa akipepeta mtama. Bila kuinua macho kutoka kwenye ungo alisema, "Ukiitwa tena, muulize kama bado ana hasira na mimi."

Sikujua hasira ya nini. Nilikaa na agizo hilo siku tatu nikingoja dunia iruke, na iliporuka, nilipomkuta Bibi amepiga magoti, sikungoja aulize.

"Amesema hana hasira."

Bibi alikaa chini kwenye vumbi palepale. Alijifunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika muda mrefu, na mimi nikasimama pembeni nikiogopa kitu nilichokifanya bila kukijua jina.

Mjomba wangu Yona, kaka yake mama, alikuwa fundi wa kujenga mjini Dodoma. Alikuja kila Jumamosi akiwa na mkate na maneno yaleyale. "Mama, mpeleke mtoto hospitali. Hata mwalimu wake amesema."

"Hospitali watamfanya nini?"

"Watamtibu."

"Watamnyang'anya," alisema Bibi.

Mjomba alidhani amesema kwamba hospitali watanichukua mimi. Alicheka, akaeleza kuwa hospitali hawachukui watoto wa watu. Mimi nilielewa ni nani ambaye Bibi aliogopa kunyang'anywa.

Hata hivyo hakuwa mzembe. Kulikuwa na makatazo mawili. Nisikae na moto peke yangu, na nisivuke reli bila kushikwa mkono. Reli ya zamani ilipita upande wa pili wa mashamba yetu, na treni za mizigo hazikuwa na saa maalumu. "Siku moja atakuita mahali pabaya," alikuwa akisema. "Aliyekufa hajui tena treni inapita saa ngapi." Alilisema mara nyingi hata nikaacha kulisikia.

Siku lilipotimia ilikuwa asubuhi ya upepo, baada ya mavuno. Tulikuwa tunampelekea karanga mama mmoja wa kanisani aliyekuwa mgonjwa, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya reli. Nilibeba beseni kichwani na Bibi alinifuata nyuma. Karibu na reli akakanyaga mwiba uliotoboa kandambili. Akasimama kuuchomoa, akaniambia ningoje. Nakumbuka nilisikia neno ngoja. Nakumbuka chuma cha reli kikimetameta. Nadhani nilitaka tu kuona kiatu changu kikikanyaga taruma la kwanza.

Kisha nilikuwa nimelala juu ya kokoto, mdomo umejaa vumbi, kitu kizito kiko juu yangu, na mabehewa yanapita karibu kiasi cha kuhisi upepo wake kwenye nywele. Yalipita mengi sana. Kile kitu kizito kilikuwa Bibi.

Ya katikati niliyajua kwa kusimuliwa na mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe upande wa pili. Alisema nilisimama katikati ya reli kama mlingoti, beseni kichwani, treni inapiga honi mpaka ng'ombe wake wanatawanyika. Alisema Bibi alikuja mbio na kandambili moja, huku akipiga kelele, Sechelela! Sechelela! Sechelela! Aliniita jina, tena mara nyingi, kwa sauti ambayo mzee yule alisema hakuijua kuwa ya Bibi. Akanirukia kama mtu anayeokoa mbuzi mdomoni mwa fisi.

Treni ilipomalizika Bibi alijiviringisha akakaa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekaa vibaya, kiganja kimegeukia upande usio wake. Alinishika kidevu kwa mkono wa kulia, akanitazama jicho moja, kisha la pili, kama anayekagua kama nimo. Nilingoja aniulize. Hakuuliza. Karanga zilikuwa zimetapakaa kila mahali, mkono wake umevunjika, na mimi sikuwa na kitu kingine cha kumpa isipokuwa kile kile nilichozoea kumpa.

"Bibi," nikasema, "mama anakusalimia."

Alinitazama kwa muda. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyesomewa barua na kugundua katikati kwamba haikuandikwa na yule anayemdhani.

"Mama yako asingekuita pale," alisema. "Mama yako namjua. Hata angekuwa amekufa mara mbili, asingekuita pale."

Mjomba Yona alikuja na gari la kukodi siku hiyohiyo, tukaingia hospitali mjini wawili kwa pamoja, Bibi kwa mkono, mimi kwa kichwa. Mkono ulifungwa plasta. Mimi nilipelekwa kwa daktari kijana aliyenipa karatasi nyembamba, akaniambia niipulize ipepee na nisiache. Nilipuliza, nikapuliza, mara nikamwona daktari anaandika na Bibi amejishika shavu. Nilikuwa nimetoka mbele yao. Daktari alikuwa amehesabu kwa saa yake.

Alisema ni aina ya kifafa, kile kisichoangusha. Kina dawa, na watoto wengi wakikua kinawaacha. Bibi hakusikia mengine yote. Alilisikia lile neno moja, maana kwetu mtu wa kifafa alikuwa akitengewa kikombe chake na watu walikaa mbali na mate yake. Kuzubaa ilikuwa tusi la watoto. Hili lilikuwa la kumfuata mtu mpaka kwenye uchumba. Alimshika daktari mkono.

"Mwanangu, andika chochote kwenye karatasi yako. Lakini huko nje usiliseme."

"Sisemi, bibi. Ila dawa asikose hata siku moja."

Hakunikosesha hata siku moja. Asubuhi kabla ya uji, jioni kabla ya ugali, alikifungua kichupa kwa meno kwa sababu mkono mmoja ulikuwa kwenye plasta. Jioni ya kwanza, kabla ya kunipa kidonge, alitoka nje akasimama nyuma ya tembe, nami nikamsikia akizungumza kwa Kigogo, taratibu, kama anavyozungumza mtu mlangoni mwa watu. Alimwambia mwanawe kwamba amwache mtoto sasa. Alimwambia mtoto ana shule. Kisha akasema, "Nami usinidhanie vibaya. Safari hii nimewahi."

Aliingia ndani akanipa kidonge na maji.

Dunia iliacha kuruka kidogo kidogo. Kwanza mara moja kwa siku, kisha kwa juma, kisha nikasahau kuhesabu. Shuleni nilianza kuyakamata masomo, na Mazengo akatafuta mtu mwingine wa kumtungia sentensi. Kila mtu alifurahi. Lakini nyumbani niliona jambo. Bibi alikuwa akinitazama ninapoosha vyombo au ninapofagia, ananitazama kwa kungoja, kisha anajishtukia na kugeuza uso. Hakuna aliyemsalimia tena. Nyumba ilikuwa na mtu mmoja pungufu, na niliona ni mimi niliyempunguza.

Kwa hiyo siku moja nikajifanya. Bibi alikuwa akichambua mlenda mlangoni, mkono umeshapona lakini bado mgumu. Nilisimama mbele yake na ufagio, nikakazia macho ukutani, nikahesabu moyoni mpaka ishirini. Kisha nikapepesa na kusema, "Mama amekusalimia."

Bibi hakupiga magoti. Hakuacha hata kuchambua.

"Ukiwa umetoka kweli," alisema, "kope zako hucheza. Leo hazikucheza."

Nikaanza kulia. Na kwa kuwa nilishaanza, nilimwambia yote. Kwamba sikuwahi kumsikia mama. Kwamba sikuwahi kusikia chochote, hakuna mahali nilipokwenda, ilikuwa tu ni kuruka. Kuku mwekundu nilimtunga mimi, uwele niliutunga mimi.

Aliendelea kuchambua jani moja, la pili, la tatu.

"Na lile la hasira?" aliuliza. "Nalo ulilitunga?"

"Ndiyo, Bibi."

Alichambua mpaka majani yaliyokuwa mapajani yakaisha. Kisha akayakung'uta makapi kwenye kanga.

"Basi. Nitamuuliza mwenyewe siku nikifika."

Leo nafanya kazi katika ofisi moja ya serikali si mbali na Ihumwa, na neno lile nalisikia kila siku, limebadilika nguo. Wenzangu wanaambiana usizubae, viwanja vinaisha. Usizubae, nafasi za masomo zinatoka. Kuzubaa kwao ni kuchelewa kushika kitu. Nilipata kulitafuta kwenye kamusi, nikaona limewekwa karibu na kushangaa na kuduwaa, maneno ya mtu aliyeona jambo likamzidi. Sikuona langu humo. Mimi sikuwa nimeona jambo lolote. Daktari aliipa hali yangu jina sahihi, na jina lile ndilo lililoniponya, nami sina ugomvi nalo. Lakini katika wote waliowahi kuniona nikiwa vile, Bibi peke yake alipiga magoti akangoja, na alifanya hivyo kwa sababu ya jambo ambalo halikuwa kweli.

Nilipokuwa chuo, Mjomba Yona alinieleza hasira ile ilitoka wapi. Uchungu ulipomshika mama, Bibi alisema mtoto wa kwanza alizaliwa nyumbani salama, na wa pili atazaliwa nyumbani. Mpaka gari linapatikana ilikuwa siku ya pili. Njiani mama alimwambia Bibi neno moja kali, ambalo Mjomba alikataa kulirudia, kisha hakusema tena. Bibi alikuwa ameshafariki nilipoelezwa haya. Kwa hiyo nilijua nikiwa nimechelewa kwamba mwaka mzima nilimpa msamaha ambao haukuwa wangu kuutoa, na kwamba mchana mmoja, nikiwa na ufagio mkononi, niliuchukua tena. Nimejiuliza mara nyingi kama ningeacha tu aendelee nao. Bado sijapata jibu ambalo linadumu zaidi ya siku mbili.

Ninachojua ni kilichofuata jioni ile. Bibi alibandika mboga, akakaa, akanivuta karibu. Alikuwa hajawahi kunisimulia habari za mama yangu. Alikuwa akinitegemea mimi nimletee. Sasa akaanza mwenyewe. Akasema mama yangu hakupenda mlenda hata kidogo, alikuwa akiufukia uani asionekane. Akasema alikuwa na mdomo, akigombana na mtu hamalizi leo. Akasema aliimba kwaya sauti ya tatu na akawa anakosea makusudi ili wenzake wacheke. Kuhusu kuku na uwele, akasema, hapo ningepaswa kujua mapema, maana mama yako kilimo hakukitaka kabisa. Nilimuuliza alikuwa na sura gani. Akanigeuza kwenye mwanga wa moto, akaanza kunionyesha usoni kwangu kwa kidole, hapa alikuwa hivi, hapa alikuwa hivi, hapa si wewe, hapa ni baba yako.

Alisimulia mpaka mboga ikaungua. Akaipua sufuria, akaitazama, akacheka mpaka akashika ubavu, akasema hata hili mama yako angenilaumu.